Barua ya wazi kwa viongozi wa NHL na Montréal Canadiens: Tajeni ugonjwa uliomuua Georges Vézina

Waheshimiwa viongozi,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, ninaishi Montréal, na kazi yangu ni ukalimani katika hospitali na vituo vya afya. Ninawakalimania Wakongo, Warundi, Watanzania, na mara mojamoja Wakenya. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ninaowasemea ni watu wa lugha hii, na nataka waisome wao kwanza. Tafsiri ya Kifaransa nitawaletea.

Ombi langu ni moja. Kila mwaka NHL, ligi yenu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, humpa golikipa bora tuzo yenye jina la Georges Vézina, aliyekuwa golikipa wa Canadiens, klabu ya hapa Montréal. Mnapomtaja Vézina, tajeni na kifua kikuu.

Hafla za tuzo hizo nimezitazama kwa miaka kadhaa pamoja na wanangu, ambao ndio walionifundisha kuupenda mchezo huu. Nimesikia takwimu za magolikipa, shukrani kwa makocha, salamu kwa wazazi. Sijasikia hata mara moja mtu akisimama jukwaani na kusema kwamba mwenye jina la tuzo hii alikuwa na miaka 39 alipouawa na TB, ugonjwa ambao hadi leo unaua watu kuliko maambukizi mengine mengi mnayoyafahamu.

Ninyi historia hii mnaijua. Ndugu zangu wanaoisoma barua hii kutoka Uvira, Tabora au Mombasa huenda hawaijui, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze.

Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, wamevaa viatu vyenye visu chini, wakipigania kwa magongo kisahani cheusi cha mpira mgumu. Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Golikipa wa leo amefunikwa mwili mzima, usoni ana kinyago cha chuma na plastiki. Golikipa wa enzi za Vézina alisimama uso wazi. Na si uso wazi tu: mpaka Januari 1918 sheria ilimkataza kupiga magoti au kujilaza ili kuzuia goli. Akianguka, anaadhibiwa. Kisahani kinakuja kwa kasi inayoweza kuvunja taya, naye anatakiwa akipokee kwa miguu, gongo na mikono huku amesimama wima. Sheria ilipolegezwa, wenzake walianza kujitupa chini, hasa Clint Benedict wa Ottawa ambaye ndiye aliyesababisha walegeze. Vézina aliendelea kusimama. Walioandika habari za zama zile wanamsifu kwa jambo hilohilo: hakupapatika, aliusoma mchezo na kungoja.

Alizaliwa Januari 21, 1887, Chicoutimi, mji ulio kando ya mto Saguenay, kaskazini mwa jiji la Québec. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Georges aliacha shule akiwa na miaka 14 akaenda kumsaidia baba yake kazini. Hoki alianza kuicheza mitaani, tena golini, akiwa na viatu vya kawaida. Viatu vya kutelezea alikuja kuvizoea ujanani.

Februari 1910 Canadiens, klabu iliyokuwa haijatimiza hata mwaka, ilisafiri hadi Chicoutimi kucheza mechi ya kirafiki na vijana wa pale wasiolipwa. Wageni wakafungwa. Golikipa wa Canadiens siku ile alikuwa Joseph Cattarinich, naye aliporudi Montréal aliwasihi wakubwa wake wamsajili yule kijana wa upande wa pili. Mtu anapendekeza achukuliwe mwenzake aje kukaa kwenye nafasi yake yeye mwenyewe! Kila nikiisoma sehemu hii namheshimu Cattarinich kidogo zaidi. Jina lake litarudi mbele.

Desemba 31, 1910 Vézina alisimama golini kwa mara ya kwanza dhidi ya Ottawa. Kuanzia siku hiyo hakukosa mechi hata moja kwa miaka karibu kumi na tano: mechi 328 za ligi na 39 za mtoano, mfululizo. Alikuwapo NHL ilipoundwa Novemba 1917. Februari 18, 1918 akawa golikipa wa kwanza wa ligi hiyo kumaliza mechi bila kufungwa, Canadiens walipoichapa Toronto 9-0. Alitwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki, mwaka 1916 na tena 1924. Mwanawe aliyezaliwa siku za ushindi ule wa kwanza alipewa jina la Marcel Stanley. Msimu ukiisha alirudi kwao Chicoutimi, kwenye karakana yake ya kuchakata ngozi. Kiingereza alikijua kidogo sana, na hakuwa mtu wa maneno mengi hata kwa lugha yake.

Kuna uzushi uliosambaa kwamba alikuwa na watoto 22. Ulichapishwa na kurudiwa miaka nenda miaka rudi, na bado wapo watu wanaousimulia. Ukweli ni kwamba yeye na mkewe Marie-Adélaïde walikuza watoto wawili. Naona uchungu kuona kwamba uzushi umepata wasimulizi wengi namna hii, ilhali ugonjwa, ambao ni kweli tupu, unatajwa kwa nusu sentensi na kupitwa.

Sasa niwarudishe Novemba 1925. Katika wiki sita za kuelekea msimu, Vézina alikuwa amepungua karibu kilo 16. Hakumwambia mtu. Jioni ya Novemba 28 timu ya Pittsburgh ilikuwa mgeni hapa Montréal. Vézina aliingia golini akiwa na homa ya nyuzi karibu 39. Kipindi cha kwanza akakimaliza bila kufungwa. Wakati wa mapumziko akaanza kutapika damu. Kipindi cha pili kilipoanza akarudi golini kwake, akasimama, kisha akaanguka. Wakamtoa, na nafasi yake ikachukuliwa na Alphonse Lacroix, aliyewahi kuidakia Marekani kwenye Olimpiki. Kesho yake madaktari wakamwambia ana kifua kikuu na arudi kwao.

Léo Dandurand, mmoja wa wamiliki wa klabu, alisimulia kwamba siku chache baadaye Vézina alifika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaketi kwenye kona yake ya siku zote huku machozi yakimtiririka, akitazama viatu na vifaa vyake ambavyo wahudumu walikuwa wamempangia kama kawaida. Akaomba kitu kimoja tu, jezi aliyoivaa kwenye fainali. Akaondoka. Machi 27, 1926 alifariki katika hospitali ya Hôtel-Dieu, Chicoutimi.

Wanaokumbuka usiku ule husifu ushujaa wake, kwamba alicheza na homa, alicheza na damu mdomoni. Mimi kwa kazi yangu namwona mtu niliyemwona mara nyingi. Mtu anakonda, anatokwa jasho usiku mpaka shuka inalowa, anakohoa akiwa amegeukia ukuta, na hasemi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee wetu, lakini hawakutuambia kwa nini watu huyaficha. Wanayaficha kwa sababu wanajua watakachopoteza. Vézina angepoteza goli. Ninaowakalimania wanaogopa kupoteza kibarua, uchumba, chumba walichopanga, nafasi ya kukaa sinia moja na wenzao.

Miezi kadhaa iliyopita nilikaa na mzee mmoja kutoka mashariki mwa Kongo. Nimebadilisha yote yanayoweza kumtambulisha. Daktari alipotamka jina la ugonjwa, nami nikalitamka kwa Kiswahili, mzee hakunitazama mimi wala daktari. Alitazama mlango. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mke wangu aliye pale nje, amesikia?" Nikamwambia hajasikia. Akasema basi tusiseme zaidi. Alipoulizwa anaishi na nani, ili nao wapimwe, akajibu kwamba anaishi peke yake, na mke yuko nje amemshikia koti.

Mjukuu wake alikuwa amekuja naye, mvulana wa miaka kama kumi hivi, amevaa jezi nyekundu ya Canadiens. Nilimwomba daktari ruhusa ya kusema jambo lisilokuwa kwenye tafsiri, akanikubalia. Nikamwambia mzee habari za Vézina: kwamba timu anayoshabikia mjukuu wake ilikuwa na golikipa, miaka mia iliyopita, mtu maarufu kuliko wote mjini humu, naye alikufa kwa ugonjwa huuhuu kwa sababu dawa ilikuwa haijapatikana. Mzee akaniuliza, "Mzungu? Wa hapahapa?" Nikasema ndiyo, wa hapahapa, Québec. Akanyamaza kitambo. Halafu akaanza kuwataja, mmoja baada ya mwingine, watu wote saba wa nyumba yake.

Waheshimiwa, hii ndiyo nguvu ya jina mnalolishikilia. Sijui njia nyingine ambayo ingefanya kazi ile kwa dakika mbili.

Wengi wetu tuliohamia nchi hii tulipigwa picha ya kifua kabla ya kupewa viza. Ni utaratibu wa afya na siulalamikii. Lakini mtu akishapitia hapo hubaki na wazo kwamba TB ni kitu alichokuja nacho yeye, aibu ya kwao, na jirani yake aliyezaliwa hapa naye huwaza vivyo hivyo. Wote wawili wamesahau kwamba mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huu ulikuwa ukiua katika kila mtaa wa Montréal. Norman Bethune, daktari ambaye jiji hili limemsimamishia sanamu, aliugua TB mwaka huohuo wa 1926, akatibiwa Marekani kwa pafu lake kunywewa makusudi ili lipumzike, akapona, kisha akaja kufanya upasuaji wa vifua hapahapa mjini. Maisha ya Bethune huwezi kuyasimulia bila kutaja TB. Kwa nini ya Vézina yawezekane?

Tena ugonjwa wenyewe haujaondoka Québec. Huko Nunavik, kaskazini mwa jimbo hilihili, Wainuit, wenyeji wa asili wa huko, wanaugua TB hadi leo, na miaka ya karibuni wagonjwa wameongezeka. Kwa Kanada nzima, kiwango cha TB kwa Wainuit kimefikia karibu mara 300 ya kile cha Wakanada wasio wenyeji wa asili waliozaliwa hapa. Katikati ya karne iliyopita wagonjwa wao walipakiwa melini na kupelekwa hospitali za kusini. Wengi walifia huko na kuzikwa bila jamaa zao kuambiwa kaburi liko wapi. Machi 2019 waziri mkuu wa Kanada alikwenda Iqaluit, mji wa Wainuit huko kaskazini, kuomba radhi kwa hayo. Na watoto wa Nunavik wanacheza hoki. Wanawajua magolikipa wenu kwa majina.

Kwetu hali mnaweza kuikisia. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kwamba watu milioni 10.8 waliugua duniani na milioni 1.25 wakafa. Wanakufa huku dawa ipo. Hapo ndipo Vézina anapotofautiana nao. Yeye alipoanguka barafuni, mdudu wa TB alikuwa ameshatambuliwa na Robert Koch tangu 1882, na chanjo ya BCG ilikuwa imeanza kujaribiwa kwa binadamu mjini Paris mwaka 1921, ile ambayo imeacha kovu kwenye bega langu na la wengi wanaosoma hapa. Lakini dawa ya kuua ugonjwa ndani ya mwili haikuwapo. Streptomycin, dawa ya kwanza ya namna hiyo, iligunduliwa 1943. Mgonjwa wa 1925 aliandikiwa kupumzika, kula vizuri na hewa safi.

Na kuna jambo ambalo ningependa mlijue, kwa sababu sisi wenyewe tumelisahau. Tiba ya miezi sita inayotumika dunia nzima, hapa Montréal ikiwamo, ilithibitishwa kwanza kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Majaribio yalifanyika Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza. Kabla ya hapo mtu alimeza dawa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kisha mpango wa taifa wa Tanzania ulioanza 1977, ukisaidiwa na Daktari Karel Styblo, ukawa mfano ambao mataifa mengine yaliufuata katika kuwasimamia wagonjwa wamalize dozi. Hadi leo pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku waliofunzwa wananusa vikopo vya makohozi na kuwagundua wagonjwa ambao hadubini ya kliniki iliwapita. Kwa hiyo yule mzee wangu aliyetazama mlango anameza dawa kwa utaratibu ambao watu wa kwao ndio waliochangia miili yao upatikane. Anastahili kuyajua haya. Mjukuu wake anastahili zaidi.

Nimewaambia watu wachache kuhusu barua hii kabla ya kuichapisha. Mmoja alinijibu kwamba michezo ni furaha, na hafla ya tuzo si mahali pa kuzungumzia makohozi. Siwezi kukubaliana naye, kwa sababu ninyi wenyewe mmeshaonyesha kinyume. Tangu 1998 mnaendesha kampeni ya kupambana na saratani, na nimewaona wachezaji wakubwa wenye ndevu wakiwa wameshika karatasi zilizoandikwa jina la mama au dada wanayempigania, magongo yao yamefungwa utepe wa zambarau. Hakuna aliyesema furaha imeharibika. Na Kombe la Stanley lenyewe limebeba ugonjwa. Mwaka 1919 fainali kati ya Canadiens na Seattle ilikatishwa kwa sababu ya homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia. Joe Hall, beki wa Canadiens, akafa kwa homa hiyo Aprili 5. Golikipa wa timu yake katika fainali ile alikuwa Vézina. Kombe lilipotengenezwa upya mwaka 1948 mliandika juu yake majina ya timu zote mbili na kwamba mashindano hayakumalizika. Mwaka ule haukuachwa wazi wala kufichwa. Mlichofanya kwa 1919 ndicho ninachowaomba mfanye kwa 1926.

Wakati nao ni huu. Machi 2026 ni miaka 100 tangu Vézina afariki, na tuzo yake ilishindaniwa kwanza msimu wa 1926-27, George Hainsworth aliyemrithi golini akaitwaa. Walioitoa walikuwa wamiliki watatu wa Canadiens: Léo Dandurand, Louis Létourneau, na Cattarinich yuleyule aliyempisha golini. Hawakutoa tuzo ile kwa ajili ya takwimu. Walikuwa wanamlilia rafiki yao.

Ninachoomba hakina gharama ya kutisha. Anayekabidhi tuzo aseme kwa sentensi moja Vézina ni nani na alikufa kwa ugonjwa gani, na kwamba leo ugonjwa huo unatibika. Kila Machi 24 dunia huadhimisha siku ya TB, siku tatu tu kabla ya tarehe aliyofariki. Msimu huwa unaendelea wakati huo. Canadiens wakiwa na mechi nyumbani wiki hiyo, ukumbi mzima uambiwe dalili zake: kikohozi kinachozidi wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda. Uambiwe kwamba TB huenezwa kwa hewa na si kwa sahani wala kikombe, na kwamba mgonjwa aliyeanza dawa vizuri kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache. Maneno hayo mtoto mmoja akiyapeleka nyumbani, kikombe kilichotengwa kitarudishwa kabatini. Na ukumbi wa Chicoutimi wenye jina la Vézina, ambako vijana hucheza kila majira ya baridi, uwe na maelezo hayo ukutani, mahali wanapopita na mabegi yao.

Fedha mtajua wenyewe. Lakini kama mfuko upo, uanzie Nunavik, kwa sababu ni nyumbani. Mkiweza kufika mbali zaidi, kliniki za TB za Kigoma, Kivu na Nairobi zinahitaji mashine za kupima makohozi na watu wa kuwafuata wagonjwa majumbani. Nairobi mnayo hata timu ya hoki, Kenya Ice Lions, na Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la kimataifa mwaka 2024. Vijana wale nao wana golikipa. Mtumieni habari hizi, atajua pa kuzipeleka.

Mameneja wa klabu 32 ndio wanaopiga kura ya tuzo hii. Nawaomba kabla ya kura ijayo kila mmoja wao apewe ukurasa mmoja wenye habari za usiku wa Novemba 28, 1925, auweke kando ya karatasi yake ya kura. Tafsiri ya Kiswahili ya ukurasa huo nitaifanya mimi, bila malipo, na nitaisambaza katika vituo vyote ninavyofanyia kazi.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika kazi,

Mkalimani wa Kiswahili, Montréal